Kwa Vero, Aliyenisomea Kiingereza kwa Sauti

Mwanangu Vero,

Karibu kila barua ya Kiingereza iliyopita mbele yangu pale dukani Igogo ilianza kwa mwandishi kusema kwamba yeye ni mzima wa afya na anatumaini msomaji naye ni mzima. Nilikuwa naikata sentensi hiyo bila huruma. Nawaambia watu, "Meneja wa kiwanda hajauliza habari za afya yako, ameuliza kama unajua kazi." Leo kalamu iko kwangu mwenyewe na sentensi ya kwanza iliyonijia ni hiyo hiyo. Basi ipokee. Mimi ni mzima, ukiacha macho, na habari za macho yangu unazijua kuliko daktari. Wewe natumaini u mzima huko Buswelu kwa mama yako mdogo, ingawa jana ulitoka hapa umenuna na wala hukuaga.

Naandika kwa ile kalamu nene ya kuandikia maboksi, nyuma ya kalenda za miaka iliyopita. Naweka rula chini ya mstari, naandika, nasogeza rula. Nisipofanya hivyo mstari wa pili unapanda mgongoni mwa wa kwanza. Nilianza jua likiwa bado lipo na sasa wapangaji wenzetu wameshapika na kula. Maneno ni makubwa kama ya kwenye bango, kwa hiyo usishtuke ukiona rundo la karatasi. Barua yenyewe si ndefu hivyo, ni macho ya baba yako yanayokula karatasi.

Jana uliniambia huendi. Treni inaondoka kesho jioni, tiketi imekatwa, gazeti la Dar limeshakuandikia kwamba dawati lako la kusoma prufu, kusahihisha kurasa kabla hazijachapwa, lipo na linakusubiri, na wewe umesimama hapo mlangoni unanisongea ugali huku unasema, "Baba, nimeshaamua. Nitawaandikia kwamba nina mgonjwa."

Nikakuuliza, "Mgonjwa gani?"

Ukasema, "Wewe."

Hapo ndipo nilipopandisha hasira. Nilikwambia sihitaji mtoto wa kunishika mkono kama mbuzi wa mnadani. Nilikwambia nilikuwepo kabla yako na nitakuwepo baada yako. Ukaepua sufuria, ukachukua kanga yako, ukaondoka. Mama yako mdogo amenitumia ujumbe leo kwamba utarudi kesho asubuhi, na kwamba hutarudi kufunga safari, utarudi kunifulia. Nimecheka peke yangu, halafu nikaitafuta kalamu.

Sikuandikii nikufundishe namna ya kukaa Dar. Mambo ya nauli, ya kuficha pesa kifuani, ya kutokula vya kupewa njiani, hayo mama yako mdogo atakuwa ameshakuambia mpaka umechoka. Mimi nataka kukuambia kwa nini lazima upande hiyo treni. Na siwezi kuyasema hayo bila kupita kwenye makosa yangu, ambayo mengi uliyaona kwa macho yako na ukayanyamazia kwa heshima.

Unajua nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, tena niliyeogopwa. Mshahara ulipofika mahali ambapo haununui hata sukari ya mwezi, na kila mtu akawa anaimba soko huria, nikajiambia kwamba sasa Kiingereza kitakuwa biashara kama mafuta ya taa. Nikaacha chaki. Bwana Karim akanipa meza na kiti ndani ya duka lake la steshenari pale Igogo, karibu na mashine ya taipu, tukaandika kibao: "Hapa Tunasahihisha Kiingereza." Mama yako alikisoma kile kibao akaniuliza kama nasahihisha na tabia.

Na kweli biashara ilikuwepo. Mji mzima wa Mwanza ulikuwa unaomba kazi. Viwanda vya samaki vilikuwa vinafunguliwa kando ya ziwa, minofu inakwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, kichwa na mifupa, na bado tunayagombea. Kila aliyetaka kuingia pale, hata wa kufagia, alitakiwa aombe kwa Kiingereza. Wakaja na wa vikundi vya akina mama wanaoandikia wahisani, wakaja wachungaji wenye rafiki zao ng'ambo, wakaja na wale vijana waliotaka tu barua ya mapenzi iwe na maneno makubwa. Hao wa mwisho nilikuwa nawatoza zaidi, maana kosa lao halikuwa kwenye Kiingereza.

Tatizo letu sisi, mwanangu, hatuamini karatasi isiyo na muhuri. Mama mmoja wa kikundi aliniuliza, "Sasa mwalimu, hao wazungu watajuaje kama hiki kimesahihishwa? Muhuri uko wapi?" Swali hilo lilinilaza macho wazi. Nikaenda kwa fundi mihuri, akanichongea mmoja wa duara: "Kiingereza Kimesahihishwa na Mwalimu", na katikati mahali pa sahihi yangu. Ukumbuke wewe ulikuwa shule ya msingi. Ulikuwa unajigonga mihuri mikononi mpaka kwenye viwiko, halafu mama yako anakusugua kwa jiwe la kuogea huku ananitazama mimi.

Wateja walifurahi kupita kiasi. Mtu alikuwa tayari barua yake nisiisome vizuri, mradi muhuri ugongwe ukakolea. Nami nilivimba kichwa. Niligonga kila kitu, nikagonga mpaka kwenye barua zenyewe, chini ya jina la mwombaji, wino wa zambarau.

Ndipo akaja Magesa, jirani yetu wa wakati ule, aliyekuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha pamba kabla hakijafungwa na wafanyakazi kurudishwa nyumbani. Alikuwa ameiandika barua yake mwenyewe. Kiingereza chake kilikuwa cha stoo, kifupi, kigumu, makosa yapo, lakini ukikisoma unamwona mtu amesimama katikati ya marobota anahesabu. Mimi nikaifumua yote. Nikamwekea maneno ya heshima na unyenyekevu, sentensi ndefu zenye mikia, kila koma mahali pake. Nikaisoma kwa sauti, dukani wote wakatikisa vichwa. Magesa akasema, "Mwalimu, hii nzuri, ila mimi sijajiona humu." Nikamwambia kazi yake siyo kujiona, kazi yake ni kupata kazi. Nikagonga muhuri.

Aliitwa kwenye usaili. Meneja akamwonyesha ule muhuri na kumwuliza umeandikwa nini. Magesa, mtu wa kweli, akamtafsiria neno kwa neno. Meneja alicheka mpaka akamwita mhasibu aje aone. Kisha akamwuliza, "Sasa nimwajiri nani, wewe au mwenye muhuri?" Akamwuliza maswali kwa kile Kiingereza changu chenye mikia, na Magesa akashindwa kujibu kwa maneno ambayo yalikuwa kwenye barua yake mwenyewe.

Alirudi dukani kwa miguu, mgongo umelowa jasho. Akaiweka ile barua mezani pangu taratibu. Akasema, "Mwalimu, ni wewe uliyeitwa kazini." Hakucheka na wala hakugombana. Baada ya hapo alienda visiwani kuvuta nyavu, na watoto wakabaki kwa bibi yao. Mke wake nilikuwa nakutana naye kanisani. Alinisalimu vizuri kila Jumapili, tena kwa kuinama, na afadhali angenitukana.

Muhuri niliutupa chooni siku hiyo hiyo. Lakini kosa langu halikuwa muhuri, Vero. Muhuri ulilionyesha tu. Kosa langu ni kwamba nilifurahia mkono wangu kuonekana. Huko unakokwenda watakuletea habari iliyoandikwa na mwandishi aliyekimbia juani kutwa nzima, na kalamu yako itakuwasha, utataka kumwonyesha kwamba wewe unajua zaidi. Ondoa kosa, mwache mwenye maneno abaki ndani ya maneno yake. Msomaji wa gazeti hana haja ya kujua kwamba uliwahi kuzaliwa.

Haya, hilo ni la kazini. La nyumbani ni gumu zaidi, na nimesogeza rula mara nyingi bila kuandika kitu.

Mama yako aliuza dagaa soko la Kirumba, unajua, na Kiswahili chake kilikuwa na Kijita cha kwao ndani yake mpaka mwisho. Mimi nilikuwa namsahihisha. Sikuwa na nia mbaya, ilikuwa kama kukohoa, inatoka yenyewe. Namsahihisha mbele ya wageni, namsahihisha anasali. Yeye aligeuza utani. Aliwaambia wenzake sokoni, "Wangu mimi anasahihisha hadi ugali." Watu wakicheka, nami nacheka, sikuuliza kama naye anacheka.

Wakati amelazwa na kifua, wewe ukiwa shule ya bweni, nilikuwa nakaa naye kutoka mchana mpaka wauguzi wanifukuze. Siku moja alitaka kuniambia jambo. Alikuwa anavuta pumzi, anatafuta maneno, akaanza kusema, na katika kusema akakosea neno. Nikamsahihisha. Akanitazama muda mrefu, wala si kwa hasira, akasema, "Hata leo, Baba Vero?"

Nilitabasamu, nikidhani ni utani wake uleule wa siku zote. Akafumba macho akapumzika, na lile jambo hakulimalizia, si siku hiyo wala siku nyingine. Siku chache baadaye tulimvusha ziwa kwenda kuzikwa Ukerewe. Neno lenyewe alilokosea silikumbuki, Vero, na nimelitafuta miaka yote hii. Nakumbuka tu kwamba nililisahihisha.

Kwa hiyo ukiona mtu mzima anajikongoja mbele yako kukuambia kitu, weka kalamu chini. Mimi nililipia somo hilo kwa bei ambayo sitaki wewe uilipe.

Sasa nije kwetu sisi wawili.

Uliporudi kutoka kidato cha sita, jicho la kushoto lilikuwa limeshaondoka na la kulia linaona kama kwa tundu la ufunguo. Daktari wa macho alikuwa ameniambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwenda hakirudi, tunalinda kilichobaki. Sikumwambia mtu. Niliendelea kukaa mezani, nashika karatasi, natikisa kichwa, napitisha kalamu. Siku hiyo uliniletea chakula ukaona barua niliyokwisha kuimaliza, na kosa limekaa juu kabisa kwenye kichwa cha habari kama nzi kwenye maziwa. Ulivuta benchi ukasema, "Baba, nikusomee hizi, nimechoka kukaa bure." Nilijua kwamba umeona, na ulijua kwamba nimejua. Ulikuwa uongo wa adabu na sijapata kuambiwa uongo mzuri kama ule.

Basi tukaanza ile kazi yetu. Wewe unasoma kwa sauti, mimi nasikiliza nimefumba macho. Koma unagonga meza kwa ukucha mara moja, nukta mara mbili. Herufi kubwa unapandisha sauti. Aya mpya unapitisha kiganja juu ya meza kama unayefuta unga. Nikisikia panapokwaruza nasema, "Rudi," unarudi, tunapatengeneza, unaandika wewe. Watu walikuwa wanakuja hata wasio na barua, wanasimama kusikiliza. Bwana Karim akasema, "Mwalimu, hapa sasa pamekuwa madrasa."

Nitakuambia jambo ambalo sijawahi kukuambia. Nilipokuwa naona, nilisahihisha Kiingereza tu. Nilipoacha kuona, ndipo nilipoanza kusikia watu. Ukisoma barua ya yule mjane anayeomba ada ya mtoto, sauti yako ilikuwa inashuka mahali ambapo hakuna koma wala nukta. Nilikuwa najua hapo pana jambo, tusipaguse. Hayo ulinifundisha wewe, na nilikuwa nakwenda Igogo kila asubuhi nina furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo nikiwa na macho mawili.

Na furaha hiyo ndiyo iliyonifanya nikuibie mwaka.

Usijifanye hukumbuki. Uliitwa chuo cha ualimu. Ukaniletea ile karatasi, ukanisomea kwa sauti kama barua ya mteja, koma zote ukazigonga. Nami nikasema, "Nenda, mama, mimi nitaona namna." Maneno yalikuwa mazuri. Lakini niliyasema kwa ile sauti, na baada ya kuyasema nikapapasa kikombe cha chai kana kwamba sikioni, na kikombe nilikuwa nakiona. Sikukukataza kwa mdomo. Kuna ruhusa nyingine ni kufuli tupu. Ukaikunja karatasi ukasema chuo kipo tu, hakihami. Nilijua kwamba kinahama. Nilikunywa chai yangu.

Kwa hiyo jana ulipotaja "mgonjwa", hasira yangu haikuwa juu yako. Nilikuwa nimesikia kufuli langu mwenyewe likijifunga mara ya pili.

La gazeti ulilifanya kimya kimya. Uliona tangazo kwenye gazeti la Bwana Karim, ukaandika maombi, ukafanya ule mtihani wao wa ukurasa wenye makosa, ukarudisha kwa posta, na mimi sijui kitu. Ulinisomea jibu tu. Ninakiri nilikereka. Miaka yote hii natengeneza barua za watoto wa wenzangu, ya mtoto wangu inapita pembeni! Nilipolala nikaelewa. Ulitaka iende bila mkono wangu, wakikuita wakuite wewe. Wamekuita wewe. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, mtu mzima kulia kwenye mto.

Ngoja nikupe machache ya kazi, maana ni urithi pekee nilio nao, mengine ni vyombo vya alumini. Ukurasa usome kwanza bila kalamu mkononi, kama mtu aliyenunua gazeti kwa pesa yake. Halafu urudie na kalamu. Maandishi madogo yatakupa shida kidogo, lakini uyaogope yale makubwa ya vichwa vya habari, maana hakuna anayeyasoma, kila mtu anadhani mwenzake ameyasoma. Jina la mtu usilibahatishe hata mara moja. Maiti hana namna ya kuandika gazetini kulalamika, na mjane wake ataikata ile taarifa ya kifo na kuihifadhi kwenye Biblia jinsi ulivyoiacha. Usipojua, uliza, hata kama atakayekujibu atakucheka. Wanaocheka hawadumu kwenye kazi hii. Na siku ukilala umeacha kosa, maana utaliacha, kila mmoja wetu ameacha, amka kesho yake ukasome ukurasa mwingine.

Bwana Karim amenunua kompyuta, umeiona. Ile inayopiga mstari mwekundu chini ya kila kosa. Amenionyesha kwa fahari, yaani amenisimulia, mimi kwenye kioo chake naona mwanga tu. Inapiga mstari chini ya Igogo, chini ya Magesa, chini ya Nansio kule Ukerewe, na chini ya jina langu mimi na la babu yako. Kwa mashine ile ukoo wetu wote ni kosa. Nilicheka sana. Lakini vijana wameanza kwenda kwenye kompyuta wananipita pale mezani, wananisalimu "Shikamoo mwalimu," naitikia "Marahaba," na nasikia karatasi zao zinakwenda upande wa pili. Sina kinyongo. Mashine haichoki na haikohoi. Kazi ambayo ulitaka kuibakia, mwanangu, yenyewe haibaki. Ungeniuguza mimi, na meza nayo ingetufia mikononi.

Sasa nikuambie nilichofanya leo.

Asubuhi nilijikongoja na fimbo mpaka dukani. Nikamwambia Bwana Karim, "Leo nakurudishia meza yako."

Akasema, "Mwalimu, nani amekufukuza? Meza ni yako mpaka ufe."

Nikamwambia, "Ndiyo maana nakurudishia. Yule mtoto ataibakia mpaka nife."

Akaita chai. Tulikunywa pamoja. Nilipapasa ule ubao mara ya mwisho, pale unapogonga ukucha pameshakuwa na kishimo. Akanisaidia kukishusha kibao chetu. Ameahidi kukipaka rangi na kuandika bei za kutoa fotokopi. Kisha nikaenda kwa mwenye nyumba, nikamwambia chumba kiko wazi kuanzia kesho. Vyombo amechukua Mama Sabina wa mlango wa pili, ndiye atakayekupa bahasha hii. Sanduku lako na tiketi viko dukani kwa Bwana Karim, naye amesema atakufikisha stesheni mwenyewe, hataki kumtuma mtu.

Mimi natoka na meli ya asubuhi kwenda Ukerewe. Shangazi yako atanipokea gatini. Kule kuna mihogo, kuna watu wanaojua nilivyokuwa mdogo, na hakuna anayeandika Kiingereza. Utakapokuwa unasoma hapa, mimi nitakuwa majini.

Najua sijakutendea haki. Baba humuaga mtoto, humshika kichwa akamwombea, humbebea mzigo hata kama hauoni. Nilitamani hayo. Mchana nilijaribu kuyapanga, nitakayokuambia tukiwa pale stesheni, nikasikia mwenyewe kwamba sauti yangu itakuwa ileile niliyoitumia kwenye chuo cha ualimu. Ningekuambia "Nenda, mama," nawe ungesikia kilicho chini yake, maana masikio hayo nimeyanoa mimi, na ungeshuka. Hakuna mtu duniani anayeisoma sauti yangu kama wewe. Karatasi haina sauti. Ndiyo sababu nimeandika.

Nilipokuambia sikuhitaji, nilidanganya. Nakuhitaji kila saa. Asubuhi nitapandishwa melini na mkono wa mtu mwingine na nitaukasirikia mkono huo wa watu kwa sababu si wako. Nitakapofika kule, jioni kukiwa kimya, nitakuwa namsikia mtu anasoma na hakuna anayesoma. Hayo ni yangu, niachie. Wewe umenipa macho yako muda wa kutosha na sasa uyatumie.

Hapa hakuna chumba tena, hakuna meza, hakuna mgonjwa. Ukirudi Buswelu, mama yako mdogo ameshajua, atakufungia mlango. Nimekufungia Mwanza yote, Vero, nimekuachia mlango mmoja tu. Utanikasirikia, na una haki. Kasirika sana, mwanangu, lia kama unataka, niite majina yote unayoyajua. Lakini ukasirike ukiwa ndani ya treni.

Baba yako